Waini nyeupe ya Dodoma sio siki, shida ni jua na lebo

Kamwene Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mmoja wa Mbeya alieandika hapa kwamba waini nyeupe ya Dodoma ni siki iliyobandikwa lebo, na kwamba wenye viwanda waongeze sukari au waache kabisa watu wanywe ya Sauzi. Sina ugomvi nae, hata simfahamu, na inawezekana chupa aliyokunywa kweli ilikuwa imeharibika. Ila maneno kama yale yakishatoka gazetini yanateremka mpaka kaunta kwangu, mtu anaingia ameshakunja uso kabla hajaonja, ananiambia mama si umesoma, kumbe ile kitu ni siki. Nimesoma ndio, na ndo maana naandika.

Mimi nauza vinywaji hapa Kihesa, Iringa, barabara ileile inayoenda Nduli halafu inateremka Nyang'oro mpaka Mtera na kutokea Dodoma, kwa hiyo waini ya Dodoma inanifikia ikiwa bado na vumbi la njiani. Nauza jumla na rejareja, na wikiendi napeleka vinywaji kwenye maharusi, sendofu na kipaimara. Sio mtaalamu wa maabara mimi, ila chupa zimepita mikononi mwangu nyingi, nzima na mbovu, na hiyo tofauti ya nzima na mbovu ndo yule ndugu yetu wa Mbeya ameipita bila kuitazama.

Tuanze na zabibu yenyewe maana hapo ndo watu wengi hawapajui. Zabibu nyeupe inayotengeneza waini nyingi nyeupe pale Dodoma inaitwa Chenin Blanc. Asili yake Ufaransa, bonde la mto Loire, huko wanatengeneza nayo waini za Vouvray, Savennières, Saumur na nyingine kibao, kavu yaani zisizo na sukari, tamu, zenye mapovu, zote kwa zabibu hiyohiyo moja. Sauzi walianza kukamua zabibu pale Cape zamani sana, Jan van Riebeeck, Mholanzi aliekuwa mkuu wa pale, aliandika kwamba divai ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na leo hii Afrika Kusini ndo nchi yenye mizabibu mingi ya Chenin kuliko nchi yoyote, hata Ufaransa yenyewe imeachwa nyuma. Kwa karne na karne wakulima wa kule waliiita Steen, ikaja kuthibitishwa miaka ya 1960 na wataalamu wa Stellenbosch kwamba kumbe hiyo Steen yao ni Chenin ya Loire. Dodoma nako mizabibu ililetwa na wamisionari wakatoliki miaka ya 1950, upande wa Bihawana, baadae utafiti ukakaa Makutupora, na mpaka leo ukizunguka Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Veyula utakuta zabibu nyekundu ile inayoitwa Makutupora na nyeupe hiyo Chenin.

Sasa niwasimulie kamati ya harusi moja hapa mjini. Mweka hazina wao, mtu mzima na heshima zake, alikuja na karatasi ya mahitaji, meza kuu waini nyeupe ya Sauzi, wageni wengine ya Dodoma, akaniambia unajua dada meza kuu kuna wakwe hatuwezi kuwawekea siki. Nikamtolea chupa ya Sauzi aliyoitaka nikamwambia shemeji hebu soma hapa, akavaa miwani akasoma, Chenin Blanc. Nikamwambia na hii ya Dodoma ni hiyohiyo. Akaigeuza ile ya Dodoma huku na huku, mbele, nyuma, mpaka kwenye shingo, akaniuliza sasa mbona haijaandikwa? Nilikosa jibu. Imeandikwa mvinyo mweupe mkavu, imeandikwa asilimia ya kilevi, imeandikwa ujazo, basi. Alilipia ya Sauzi akaondoka, na kwa kweli sikumlaumu, mtu anaenunua kwa hela ya michango ya watu lazima anunue kitu anachoweza kukitetea kikaoni.

Hilo la lebo nitalirudia, kwanza tumalize la ukali.

Chenin ni zabibu yenye asidi nyingi, imezaliwa hivyo. Zabibu zikikaa kwenye joto, asidi yake hupungua kadri zinavyoiva, ndo maana sehemu za joto kuna zabibu nyingine nyeupe zinatoa waini imelala, haina makali, ukinywa unahisi kama maji ya kuoshea matunda. Chenin yenyewe hata juani asidi yake inabaki. Dodoma ni kavu, mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote zinashuka kati ya Disemba na Aprili, jua kali, nchi iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo usiku panapoa kidogo, na pale Chenin inavumilia na kubaki na ule uchangamfu wake. Yaani hicho kitu msomaji anachokiita kasoro ndo kitu kilichofanya hiyo zabibu iwezekane Dodoma. Ukiitoa asidi umebaki na nini? Umebaki na pombe nyeupe isiyo na habari.

Siki ni kitu kingine kabisa. Siki inatokea bakteria wakiingia kwenye waini iliyopata hewa, wanageuza kilevi kuwa asidi ya siki, na harufu yake huwezi kuikosea, inakupanda puani inakuchoma kabla hujanywa, kama umefungua chupa ya achari. Ukali wa Chenin nzima hauko puani, uko pembeni mwa ulimi, mate yanajaa mdomoni, halafu unataka kunywa tena. Harufu yake ni ya tofaa bichi, pea, saa nyingine asali kwa mbali. Mtu akiniletea chupa inayonuka siki namrudishia hela yake bila maneno, ila mtu akiniletea chupa nzima ananiambia mama mbona chachu, huyo tunakaa tunaongea.

Na nikiongea nao nagundua tatizo linaanzia mbali. Wengi wetu waini ya kwanza kuonja maishani ilikuwa divai ya kanisani, tamu, au zile tamu zilizoongezwa nguvu za kununua kachupa kadogo, nazo tamu, kwa hiyo kichwani waini ikawa ni kitu kitamu na chenye rangi ya damu. Halafu siku moja unamwagiwa nyeupe kavu, hamna sukari, unahisi umeibiwa. Hujaibiwa. Sukari ilikuwepo kwenye zabibu, hamira imeila ikaigeuza kilevi, kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja zinatoa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo chupa ya asilimia 12 ina maana gramu kama 200 kwa lita zimeshaliwa, ndo unazinywa hizo zikiwa zimegeuka. Anaetaka tamu atafute iliyoandikwa tamu, zipo, Dodoma wanatengeneza na ni nzuri tu, hamna aibu. Hata hao Wafaransa kwa hiyohiyo Chenin wana tamu za Coteaux du Layon na Quarts de Chaume ambazo wanaziheshimu kuliko kavu. Wanaacha zabibu shambani mpaka kwenye baridi ya mwisho wa mwaka, zinasinyaa, nyingine zinashikwa na ukungu fulani unaofyonza maji sukari inabaki nzito, na waini zake zinaweza kukaa miaka 50 ghalani. Kwetu hilo la ukungu tusahau, Dodoma hamna unyevu wa namna hiyo, ila tamu ya kawaida inawezekana. Kumwaga sukari kwenye kavu ili kumridhisha alienunua kavu kwa bahati mbaya ndo mimi sikubaliani nako.

Kuna wanaoweka barafu, kuna wanaochanganya na soda ya ndimu. Hela yako, glasi yako.

Haya tuje kwenye jua, maana hapa nina hasira kidogo. Waini nyeupe ni dhaifu kuliko nyekundu. Nyekundu inachacha pamoja na maganda yake, maganda yanaachia ule ukakasi unaoilinda. Nyeupe wanakamua, juisi inatengwa na maganda mapema, inachachishwa kwenye ubaridi ili harufu isikimbie, kwa hiyo inatoka kiwandani laini, haina ngao. Sasa tazama safari yake. Inapakiwa Dodoma, saa nyingine kwenye buti la basi karibu kabisa na injini, saa nyingine kwenye fuso isiyo na turubai, inateremka Mtera ambako ni kama mita 700 tu kutoka usawa wa bahari na wote mnalijua joto la Mtera, wanaouza perege pale wanajifunika kanga kichwani kuanzia saa tatu asubuhi, gari linasimama watu wale samaki, waini iko nyuma inachemka, halafu linapanda Nyang'oro ndo linafika kwetu Iringa kwenye mita 1,600 na kaubaridi. Chupa imeshapikwa huko chini. Ikifika huku mwenye duka anaipanga dirishani ili ipendezeshe duka, jua la asubuhi lote lake, inakaa hapo toka Pasaka mpaka Krismasi, ndo siku mteja anainunua.

Mimi nazijua chupa za hivyo kwa macho. Chenin nzima ina rangi ya majani makavu yaliyofifia, unaona hata kijani kwa mbali ukiiinua kwenye taa. Iliyopikwa inakuwa njano iliyokolea inaelekea chai ya rangi, ukifungua inanuka tofaa lililodondoka likabonyea. Kuna duka moja hapa mjini, jina nalihifadhi, nilikuta wamezipanga juu ya friji, kwa nyuma pale panapotoka hewa ya moto, nikamuuliza kijana mbona hivi akasema ndani ya friji bia ndo zinatoka haraka. Sawa, biashara, lakini mteja wa pale akienda nyumbani akatema, analaumiwa mkulima wa Hombolo.

Na sisi watu wa Iringa ndo tungekuwa wa mwisho kukosea hapa, maana tumekua na ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Hakuna mtu mzima wa huku anaepewa kikombe cha ulanzi akanywa bila kujua umegemwa lini. Mgema anakata ncha ya mwanzi asubuhi anakata jioni, mbeta ya kukingia imening'inia pale, ule wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, unaweza kumpa hata bibi, ukikaa unakuwa mkangafu, mkali, na kila mtu anajua anachagua kipi, na mkangafu uliopitiliza hata mlevi anaumwaga. Tunahukumu ulanzi kwa saa, halafu waini tunanunua hatuulizi hata mwaka! Chenin hizi za bei ya kawaida, za Dodoma na za Sauzi pia, zimetengenezwa zinywewe changa, mwaka mmoja, miwili, mitatu basi.

Ndo nikarudi kwa wenye viwanda, wa Dodoma nyote kwa ujumla wenu, sitaji mtu. Kwanini hamuandiki zabibu gani na ya lini? Sauzi wanaandika zote mbili, zabibu na mwaka, ndo maana yule mweka hazina alikuwa na kitu cha kusoma. Na kwenu nyie mwaka peke yake hautoshi, maana Dodoma hamna baridi ya kulaza mizabibu, mkulima anaiamsha mwenyewe kwa kupogoa na anavuna mara mbili, kuna mavuno ya mwezi wa pili wa tatu na kuna ya mwezi wa nane wa tisa. Hayo mavuno sio ndugu. Ya masika yanapata mvua, magonjwa ya ukungu, zabibu inafyonza maji sukari inapungua, mkulima anapiga dawa mpaka anachoka, na Chenin vishada vyake vimebanana kwa hiyo punje moja ikioza katikati inaambukiza wenzake kabla hujaona. Ya kiangazi zabibu zinaiva juani bila mvua, safi, sukari juu. Mimi muuzaji nikijua chupa ni ya Agosti namuuzia mtu kifua mbele. Wino wa kuandika mwezi ni shilingi ngapi?

Kuna mtu wa kiwanda kimoja aliwahi kuniambia kwamba wateja wa Tanzania hawajali hayo, wao wanaangalia bei na picha ya zabibu. Labda. Ila hata bei tungeweza kushindana kama watu wangejua wananunua nini, kwa sababu ushuru wa bidhaa wenyewe unatupendelea, waini yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani inatozwa kidogo kuliko ya nje. Serikali imeshaweka mkono wake pale, nyie mmeficha zabibu yenyewe. Na kuficha huko kunampa nafasi yule anaechanganya maji, spiriti, rangi na ladha anaita mvinyo, kwa sababu kwenye shelfu chupa yake na yako zinafanana, zote zimeandikwa mvinyo mweupe na kwisha habari.

Anaeumia mwisho ni mkulima. Wazee wa kule wanakumbuka DOWICO, kiwanda cha umma, kilivyokufa watu wakabaki na zabibu bila mnunuzi, na zabibu sio mahindi useme utaweka ghalani usubiri bei. Imeiva leo, wiki ijayo inaliwa na nyuki. Wengine sasa wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake, kwenye viwanda vikubwa, angalau mchuzi unakaa kwenye tanki, lakini mchuzi ukishaingia kwenye tanki la mwingine ukachanganywa, nani tena atajua ile Chenin nzuri ilitoka Veyula au wapi. Kama chupa haina jina la zabibu, alielima vizuri na alielima hovyo wanalipwa sawa, hiyo hata mtoto anaona haiendi.

Nimesikia pia vijana wetu wanasema kwanini tununue Dodoma, tulime hapahapa nyanda za juu, kuna baridi, si Ulaya kuna baridi. Jamani taratibu. Rungwe mvua zinapita milimita 2,000 sehemu nyingine, Njombe mwezi wa sita na wa saba kunaganda barafu kwenye majani, Mufindi ukungu mpaka saa nne, na nimeshasema vishada vya Chenin vinaoza vikilowana. Mtanunua dawa mpaka mjute. Kama kuna mwenye hamu kweli ajaribu huku chini kwetu, Isimani, Pawaga, huko kukavu kunakofanana na Dodoma yenyewe, aanze na mistari michache, achukue miche kwa watafiti wa Makutupora asikate tu vijiti kwa jirani, na ajue atasubiri kama miaka miwili kabla ya kuona zabibu ya maana. Mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza. Ila asianze Makete.

Kuna jambo jingine la kuwatoa watu hofu. Mwalimu mmoja wa sekondari alinirudishia chupa nyeupe, uso umebadilika, ananiambia mama humu kuna vipande vya chupa, ungeniua. Nikaimimina taratibu mpaka chini, kweli kulikuwa na vichenga vinang'aa kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Nikakichukua kimoja nikakibonyeza kwa kucha kikavunjika, nikaweka ulimini, kichachu. Chupa haivunjiki kwa kucha. Ile ni asidi ya zabibu yenyewe inayoshikana na potasiamu ikipigwa na baridi, inaganda inakaa chini, haina madhara yoyote, viwanda vingine vinaipoza waini karibu na sifuri kwa siku kadhaa kabla ya kujaza chupa ili igande hukohuko kwenye tanki, vingine havina hiyo mashine au umeme wa kuiendesha. Kwa hiyo ukiona vichenga acha vikae chini, mimina polepole. Mwalimu aliondoka nayo, nadhani alienda kuwafundisha wanafunzi wa kemia, sijui kama chupa ilifika darasani ikiwa imejaa.

Ya kuitunza sio mengi. Kama huna friji ilale kabatini chini gizani, ya kizibo cha kuvutwa uilaze kizibo kisikauke, ya kifuniko cha kuzungusha hata ikisimama sawa. Kwenye kunywa nyuzi 8 mpaka 12 zinatosha. Friji la bia linagandisha zaidi ya hapo, unapoteza harufu yote, itoe ikae mezani kidogo watu wanaposalimiana. Ikibaki funga rudisha kwenye friji, siku tatu nne bado inanyweka. Siku ya tano pikia kuku.

Na chakula, hapa ndugu yangu wa Mbeya ndo naona alikosea njia kabisa. Aliinywa peke yake, amesimama, baada ya bia, kwa maelezo yake mwenyewe! Waini yenye asidi inataka mafuta. Chukua kitimoto ya kukaanga, ile yenye tabaka la mafuta, kachumbari na pilipili pembeni, ndizi za kuchoma, halafu Chenin kavu ya baridi. Ule ukali unakata mafuta mdomoni kama ndimu inavyofanya kazi, unakula bila kuchoka, na kilo ya kitimoto inaisha hujui nani kaimaliza. Au perege wa Mtera aliekaangwa mkavu. Au hata kwa kwenu Mbeya, wali wa Kyela na kuku wa kienyeji wa nazi, japo hapo mimi ningechagua ile isiyo kavu sana. Nyekundu na samaki mimi inanishinda, inaacha ladha ya msumari, ila kila mtu na ulimi wake.

Kwa hiyo Mhariri naomba umfikishie msomaji wako kwamba akipita Iringa asishuke Ipogolo akaendelea na safari, apande mpaka Kihesa aulize mama wa vinywaji, chupa ya mavuno ya kiangazi iliyokaa gizani toka ilipofika nitamfungulia mimi kwa hela yangu, kitimoto anunue yeye. Akiona bado ni siki aandike tena, na mimi sitajibu.

Na kwa wasafirishaji mnaotuletea hizo kreti, gari lenu linapita mlangoni kwangu kila wiki na naliona. Wekeni turubai. Mkisimama Mtera kula samaki egesheni chini ya mti, na kama mna safari ya usiku ndo bora zaidi, mimi niko tayari kuamka saa kumi alfajiri kupokea mzigo, simu yangu mnayo.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa vinywaji,
Kihesa, Iringa